Upepo Ndio Unaokata Utepe: Maikrofoni za Utepe Mbele ya Ala Zenye Sauti Kubwa

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi wa sauti wenzangu, na wanamuziki mliokubali kuweka ala zenu chini kwa muda ili tuzungumze pamoja, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nieleze jinsi maikrofoni ya utepe inavyoweza kuwekwa mbele ya amplifaya ya gitaa, mbele ya tarumbeta na tromboni, na juu ya drumu, ikafanya kazi kwa miaka mingi bila utepe wake kukatika. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nimeona maikrofoni nzuri zikifungiwa kabatini na kutolewa kwa ajili ya fidla na waimbaji wa sauti ya upole peke yao, ilhali ala ambazo zingenufaika nazo zaidi ni zile kali. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa kelele. Hofu hiyo si ya bure kabisa, lakini imetusahaulisha adui mwenyewe, ambaye ni upepo, na karibu yote nitakayosema leo yanatokana na tofauti iliyopo kati ya vitu hivyo viwili.

Ndani ya maikrofoni ya utepe mna kipande cha alumini kirefu na chembamba, chenye mikunjo midogo midogo, kilichoshikizwa ncha zake mbili na kuachwa kining'inie katikati ya sumaku yenye nguvu bila kuigusa. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 2 hadi 4 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani hukaribia mikroni 70. Sauti inapopita, hewa husogea mbele na nyuma, utepe husogea pamoja nayo, na kwa kuwa unasogea ndani ya uga wa sumaku, huzalisha umeme mdogo sana ambao transfoma iliyomo humo humo huupandisha kabla haujaingia kwenye waya. Hakuna koili ya waya iliyogundishwa kwenye kiwambo, yaani utando unaotikiswa na sauti, wala hakuna kiwambo kilichovutwa kikakazwa. Utepe ndio kiwambo, na utepe huo huo ndio unaozalisha umeme.

Wepesi huo ndio unaotupatia sauti tunayoipenda. Utepe hufuata mwendo wa hewa kwa uaminifu, na masafa yake ya juu, yaani sauti nyembamba, hushuka taratibu badala ya kupanda ghafla kama ilivyo kwa maikrofoni nyingi za kondensa, zile zenye kiwambo kilichokazwa. Gitaa la umeme lililokolezwa distosheni hutoa mkwaruzo mkali katika masafa hayo ya juu, na tarumbeta hutoa makali ambayo sikio la mtu aliyeketi ukumbini halipati kamwe kwa ukaribu ule tunaouweka maikrofoni. Utepe huyapokea makali hayo bila kuyaongezea chumvi. Isitoshe, ala yenye sauti kubwa huiondolea maikrofoni hii udhaifu wake mkubwa, yaani kutoa umeme mdogo. Mbele ya msimuliaji anayenong'ona, fundi hulazimika kufungua priampu, yaani kikuzaji cha kwanza cha umeme wa maikrofoni, hadi mwisho na kusikia mvumo wake. Mbele ya amplifaya ya gitaa, utepe hutoa umeme wa kutosha na priampu haina kazi kubwa ya kufanya.

Wala hili la kuiweka maikrofoni ya utepe penye ala kali si uvumbuzi wa leo. Walter Schottky na Erwin Gerlach waliibuni Ujerumani katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Harry F. Olson wa kampuni ya RCA nchini Marekani akaifanya kuwa chombo cha kutegemewa redioni na studioni. Bendi kubwa za enzi hizo, zenye safu nzima za tarumbeta na tromboni, zilirekodiwa kwa maikrofoni hizo hizo tunazoziita dhaifu. Zilisalimika kwa sababu ziliwekwa mbali kidogo na wapulizaji, na kwa sababu waliozihudumia walijua kwamba haziruhusiwi kupulizwa wala kutikiswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nyumba ya Headley Grange nchini Uingereza, fundi wa sauti Andy Johns alirekodi drumu za John Bonham wa bendi ya Led Zeppelin, mmoja wa wapigaji wenye mkono mzito kuliko wote, kwa maikrofoni mbili za utepe aina ya Beyerdynamic M 160 zilizotundikwa juu kwenye ngazi. Mwaka 1998 kampuni ya Royer ilianza kuuza R-121, ambayo utepe wake umesogezwa kidogo upande wa mbele wa sumaku ili ustahimili sauti kali zaidi, na tangu hapo kuona utepe mbele ya spika ya gitaa kumekuwa jambo la kawaida.

Sasa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema ninayoyasema. Sauti ya desibeli 134 ni sauti ya kutisha, ambayo hakuna anayepaswa kuisikia bila kuziba masikio. Shinikizo lake ni paskali 100. Ukigawanya shinikizo hilo kwa ukinzani wa hewa dhidi ya sauti, ambao ni kama 413, utapata kasi ya hewa inayoyumba mbele na nyuma, na jibu ni sentimita 24 kwa sekunde. Mtu anayetembea kwa hatua za kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Hii ina maana kwamba fundi anayeibeba maikrofoni mkononi bila kuifunika, kutoka chumba kimoja hadi kingine, anaupitishia utepe hewa yenye kasi karibu mara sita ya ile inayotikiswa na sauti hiyo ya kutisha. Ni kweli kwamba wavu na vitambaa vilivyozunguka utepe hupunguza nguvu ya upepo, lakini havimalizi. Na kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi: sauti husukuma utepe mbele na mara hiyo hiyo kuurudisha, ilhali upepo husukuma upande mmoja tu bila kuachia, hadi mikunjo inyooke na utepe ubaki umelegea. Utepe ni tanga lisilo na kamba ya kulegezea.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina masharti, na ni wajibu wangu kuyataja. Kwanza, kwa kasi ile ile, sauti ya masafa ya chini husafirisha hewa umbali mrefu zaidi katika kila mtikisiko kuliko sauti ya masafa ya juu. Katika mfano wetu wa desibeli 134, hewa huyumba chini ya sehemu 4 za mia za milimita kwenye masafa ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, lakini kwenye hezi 40 huyumba karibu milimita nzima, na milimita nzima ni safari ndefu kwa kitu chenye unene wa mikroni 2. Pili, karibu sana na chanzo kidogo cha sauti, hewa husogea kwa kasi kubwa kuliko hesabu ile inavyoonyesha. Kwa hezi 100 na umbali wa sentimita 10, kasi huzidi mara tano. Ukirudi nyuma hadi sentimita 30, ongezeko hilo hubaki mara mbili hivi. Sote tunaifahamu athari hii kwa masikio, kwa sababu ndiyo inayofanya besi inenepe kila maikrofoni inaposogezwa karibu. Chukueni basi unene huo wa besi kama taarifa itokayo kwa utepe wenyewe: besi ikizidi masikioni mwenu, utepe nao unacheza kupita kiasi, na kuirudisha maikrofoni nyuma kutatibu mambo yote mawili kwa pamoja.

Kipimo ninachokipendekeza kuliko vyote hakihitaji kifaa. Kabla ya kuleta maikrofoni, mwombe mwanamuziki apige kwa nguvu atakayotumia wakati wa kurekodi, lowesha mgongo wa kiganja chako kwa maji, kisha ukiweke mahali pale pale utepe utakapokaa. Ngozi iliyolowa husikia ubaridi wa upepo mdogo sana. Ukiusikia, utepe hauna nafasi hapo, hata kama ala yenyewe ina sauti ya upole. Usiposikia kitu, endelea na kazi.

Kipimo hicho hutoa majibu yanayowashangaza wengi. Chukueni filimbi ya kupuliza kwa ubavu, ambayo kila mtu huiona ni ala ya upole. Mpulizaji wake hupeleka pumzi juu ya tundu la mdomo, na sehemu kubwa ya pumzi hiyo huvuka ukingo wa tundu na kutoka mbele yake ikiwa bado na kasi. Maikrofoni ya utepe ikiwekwa hapo kwa sentimita 15 itapigwa na upepo kwa kila noti. Tromboni, kwa upande mwingine, ina mdomo mpana unaoitawanya pumzi, hivi kwamba hewa inayotoka pale ni ya polepole mno kuliko watu wanavyodhani, ingawa sauti yake inaweza kutetemesha chumba. Filimbi basi ni hatari kuliko tromboni, na dawa yake ni rahisi: ipokeeni kutoka juu kidogo ya kichwa cha mpulizaji au kutoka upande, mbali na njia ya pumzi. Sauti ya mwanadamu ina tabia hiyo hiyo. Wekeni kiganja kilicholowa mbele ya mdomo, mseme "papo hapo" kwa nguvu kidogo, nanyi mtaelewa kwa nini mwimbaji anahitaji kitambaa cha kuzuia pumzi kati yake na utepe, hata anapoimba kwa kunong'ona.

Kwa tarumbeta na tromboni, tatizo linalobaki ni shinikizo la karibu na mdomo wa ala, pamoja na mwendo wa mpulizaji mwenyewe, ambaye anaponogewa huinua ala na kuizungusha. Umbali wa sentimita 60 hadi mita moja hutosha kwa hali nyingi, na maikrofoni isielekezwe katikati kabisa ya mdomo wa ala bali pembeni kidogo. Hapo sauti pia huwa nzuri zaidi, kwa sababu makali ya tarumbeta hutoka kama mwale ulionyooka mbele ya mdomo wake. Ningependa wapulizaji waliopo watusaidie katika jambo moja: kupuliza ala ili kutoa maji au kuipasha joto kufanyike huku umeipa maikrofoni mgongo.

Amplifaya ya gitaa ndiyo rahisi kuliko zote, na nashangaa inavyoogopwa. Spika yake haitoi upepo wa maana, isipokuwa kasha liwe na tundu la kupumulia besi, ambalo utepe usikae mbele yake kamwe. Anzeni kwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu, kisha msikilize. Anayetaka usalama zaidi na aigeuze maikrofoni kwa pembe. Utepe hupokea kutoka mbele na nyuma na kuziba masikio ubavuni, kwa hiyo ukiugeuza digrii 45 unapoteza desibeli 3, na ukiugeuza digrii 60 unapoteza 6, huku msukumo wa hewa unaoupiga bapa ukipungua kwa kiasi hicho hicho. Amplifaya ya gitaa la besi inataka tahadhari zaidi kwa sababu nilizozieleza: rudini nusu mita au zaidi, na kama mnataka besi iliyo karibu na nzito, wekeni hapo maikrofoni ya koili, ile yenye koili kwenye kiwambo chake, na kuuacha utepe ukamilishe picha kutoka mbali.

Drumu zinataka akili iliyotulia. Juu ya matoazi, utepe uliotundikwa mita moja au zaidi kutoka kwenye ngozi za drumu uko salama, na watu wengi wanaojaribu hawarudi tena kwenye kondensa, kwa jinsi matoazi yanavyoacha kuchoma masikio. Hatari kubwa ipo kwenye drumu kubwa inayopigwa kwa mguu, hasa ikiwa ngozi yake ya mbele imetobolewa tundu. Kila pigo la pedali husukuma donge la hewa litoke kwa kasi kupitia tundu hilo. Leteni kiganja kilicholowa hapo mkathibitishe wenyewe. Utepe usiingizwe ndani ya drumu hiyo, wala usikae katika njia ya donge hilo, hata kwa pigo moja la kujaribia. Kama hamna budi kuipokea drumu hiyo kwa utepe, usogezeni nje ya njia ya tundu, mbali angalau nusu mita, na muuinamishe ili hewa iteleze juu yake badala ya kuupiga bapa. Na fimbo ya mpigaji isisahaulike, kwani wavu wa maikrofoni haukuumbwa kwa ajili ya kupigwa.

Lipo kosa moja la fikra ambalo ningependa tulizike hapa hapa. Mafundi wengi hubonyeza kitufe cha kupunguza desibeli 20 kwenye priampu, au kile cha kukata besi, wakaamini kwamba sasa utepe umelindwa. Vitufe hivyo vinafanya kazi kwenye umeme ambao utepe umekwisha kuuzalisha. Vinaikinga priampu isilemewe, na hilo ni jema, lakini utepe wenyewe haujui kwamba vimebonyezwa, na unaendelea kusukumwa vile vile. Kinachoulinda ni umbali, pembe, na kitambaa kilicho kati yake na upepo.

Niseme pia juu ya fantomu, ule umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maikrofoni kupitia waya wa sauti. Maikrofoni ya utepe isiyo na saketi ya umeme ndani yake haiuhitaji. Waya ukiwa mzima na maikrofoni ikiwa na transfoma ya kawaida, volti hizo hufika sawasawa kwenye pini ya 2 na ya 3, na kwa kuwa hakuna tofauti kati ya pini hizo, hakuna umeme unaopita kwenye transfoma. Madhara hutokea usawa huo unapovunjika: waya ulioungwa vibaya, pini moja iliyogusana na ardhi, au jopo la kuunganishia lenye jeki ambazo hugusanisha njia moja kabla ya nyingine wakati wa kuchomekwa. Baadhi ya maikrofoni za zamani zina transfoma iliyounganishwa na ardhi katikati yake, na hizo hazipaswi kukutana na fantomu hata waya uwe mzima. Kwa hiyo zimeni fantomu, subirini dakika chache umeme uliobaki uishe, ndipo mchomeke maikrofoni. Zile zenye saketi ndani yake huihitaji fantomu hiyo, kwa hiyo someni karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuamua.

Tepe nyingi zilizokatika hazikukatwa na ala yoyote. Zilikatwa na mtu aliyepuliza "fu, fu" kwenye maikrofoni kuona kama inafanya kazi, au aliyefunga kifuniko cha kasha kwa kishindo hadi hewa iliyobanwa ndani ikatafuta njia kupitia kwenye utepe. Fungeni kasha taratibu. Ivalisheni maikrofoni mfuko wake kila inapohamishwa, hata ikiwa tayari iko kwenye stendi na inasogezwa hatua mbili tu, na mfuko huo ubaki juu yake mpaka mwanamuziki awe tayari. Zile zenye utepe mrefu zihifadhiwe zikiwa zimesimama, ili utepe usilemewe na uzito wake na kubonyea katikati. Msiilaze maikrofoni kwenye meza ya ufundi ambako nyaya zimekatwa na vyuma vimepigwa tupa, kwa kuwa sumaku huvuta chembe za chuma, nazo zikiingia kwenye nafasi iliyo kati ya utepe na sumaku hukwaruza kila utepe unapotikisika. Na msipime utepe kwa mita ya omu, yaani kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme, maana umeme unaotolewa na mita hiyo kwa ajili ya kupima unatosha kuusukuma.

Utepe uliokatika hunyamaza, au hubaki na sauti hafifu isiyo na besi. Uliolegea ni mgumu zaidi kutambua, kwa sababu maikrofoni bado inafanya kazi: sauti yake imepungua nguvu kuliko zamani, besi imekuwa ya kuyumbayumba, na pengine panasikika mkwaruzo noti za chini zinapopigwa. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kurekodi ala ile ile kwa umbali ule ule siku maikrofoni inapofika ikiwa mpya, kuihifadhi rekodi hiyo, na kuilinganisha kila mwaka. Utepe unaweza kubadilishwa na fundi mwenye zana na mkono wa kazi hiyo, kisha maikrofoni ikarudi katika hali yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuitupa wala kuifungua wenyewe mezani ili kuchungulia.

Nawashukuru kwa usikivu wenu. Bakuli la maji liko hapa mbele, na mpigaji wetu wa drumu amekubali kukaa kwenye kiti chake. Anayetaka kupima donge la hewa la drumu kubwa kwa mkono wake aje sasa, kisha tutapokea maswali.